Albamu Bora ya Mwaka: Maneno Yake Nani Ameyasikia?

Kila ifikapo Desemba, mvua zikianza kukatika, miji yetu miwili ya mashariki ya Uganda, Jinja na Mbale, huingia katika ubishi mkubwa usio na mwenyekiti wala katibu. Jinja hubishana katika vibanda vya vinyozi, kwenye vituo vya boda boda, na katika vijiduka ambamo kijana mwenye kompyuta moja huwajazia watu nyimbo katika simu zao kwa malipo madogo. Mbale hubishana karibu na mnara wa saa na katika hoteli ndogo za chai, mlima Wanale ukiwatazama kutoka juu. Swali ni lile lile kila mwaka: albamu ya nani ndiyo bora? Kila mtu huleta yake, huipiga kwa sauti ya kupasua masikio, kisha huitetea kama wakili aliyelipwa. Magari ya barabara ya Tirinyi huuchukua ubishi huo kutoka mji mmoja hadi wa pili, hata aliyeshindwa Jinja asubuhi akapata nafasi ya kushindwa tena Mbale jioni.

Hatuna ugomvi na ubishi huo. Kwa kweli twaupenda, na miaka mingi tumeusikiliza huku kichwa kikinyolewa. Ugomvi wetu ni juu ya mizani inayotumika. Tumesikia albamu ikisifiwa kwa kuwa ngoma yake ni nzito. Kwa kuwa mwenyewe alijaza uwanja siku ya kuizindua. Kwa kuwa picha zake zilipigwa ng'ambo. Na mara moja, wallahi, kwa kuwa mwimbaji amenunua gari ambalo halijapata kuonekana Kampala. Ni nadra mno kusikia albamu ikisifiwa kwa sababu ya jambo lililosemwa ndani yake. Na ajabu ni kwamba nyingi miongoni mwa albamu hizo zinazogombewa, ziwe za Dar es Salaam, za Nairobi au za Kampala yenyewe, zimeimbwa kwa Kiswahili, chote au nusu.

Mwaka mmoja, pale Jinja, tulimwuliza kijana aliyeitetea albamu yake kwa muda wa saa nzima atueleze maana ya wimbo wa kwanza tu. Alicheka kwa adabu akasema: "Mwalimu, mimi nasikiliza ngoma. Maneno ni ya wenyewe."

Maneno ni ya wenyewe! Tangu siku hiyo jibu lile halijatutoka moyoni. Kijana yule hununua mafuta ya pikipiki kwa Kiswahili. Abiria wake atokaye Busia humwelekeza njia kwa Kiswahili. Hata jina la kazi yake, boda boda, limezaliwa kwenye mpaka huo wa Busia, si mbali na kwao. Lakini lugha hiyo hiyo ikitoka katika spika huiona ni mali ya watu wengine, nayo humfikia kama mlio wa gitaa. Ni nani basi hao wenyewe?

Ni rahisi kumlaumu yeye. Tulio na haki ya kulaumiwa kwanza ni sisi walimu wa Kiswahili. Ingieni katika chumba chochote cha walimu mzitaje nyimbo hizi, nanyi mtaona nyuso zikikunjwa. Mtaambiwa kwamba nyimbo huharibu lugha, kwamba waimbaji hawajui ngeli, kwamba mwanafunzi akizizoea ataandika upuuzi katika mtihani. Kisha mwenzetu huyo huyo huingia darasani, akaandika ubaoni orodha ya ngeli kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akaamrisha ikaririwe, na kengele ikilia hushangaa kwamba watoto wanakimbia nje wakiimba. Wanaimba nini? Wanaimba Kiswahili.

Tuchukue mfano mmoja ambao wenzetu hupenda kuutoa. Jose Chameleone, mwimbaji wa Kampala aliyeanza kurekodi Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990, alitoa mwaka 2002 albamu iitwayo Njo Karibu. "Tazameni," husema wenzetu kwa furaha ya mtu aliyeokota mwizi, "hata kuandika njoo hawezi!" Ni kweli, o moja imeanguka. Lakini je, mwalimu aliyekwisha kuliona kosa hilo amelifanyia nini? Angeliandika neno hilo ubaoni, angepata somo la siku nzima. Angewauliza watoto kwa nini tunasema njoo na njooni, wala hatusemi ja, ilhali kitenzi ni kuja. Angewaonyesha kwamba lugha, kama ukoo wowote, ina watoto wachache wasiofuata desturi za nyumbani. Na mwanafunzi mmoja ambaye mjomba wake anafanya biashara Kongo angeinua mkono akasema kwamba kwa Kiswahili cha Lubumbashi njo ni neno jingine kabisa, lifanyalo kazi ya ndiyo. Hapo darasa lote lingeamka! Somo la namna hiyo tumelitupa kwa sababu limetoka katika kanda badala ya kitabu.

Na tusisahau kwamba mwimbaji huyo huyo, Mganda akiimbia Waganda, aliziita albamu zake Mambo Bado mwaka 2004, Kipepeo mwaka 2005, Shida za Dunia mwaka 2006, na Sivyo Ndivyo mwaka 2007. Linganisheni na ndugu zetu wa Tanzania, wenye lugha, ambao sisi wa bara tumefundishwa kuwatazama kama kibla. Diamond Platnumz mwaka 2018 alitoa A Boy from Tandale. Harmonize mwaka 2020 alitoa Afro East. Mwaka 2021 Rayvanny akaleta Sound from Africa, na Alikiba akaleta Only One King. Ndani, Kiswahili kitamu. Mlangoni, kibao cha Kiingereza. Tandale ni mtaa wa Dar es Salaam. Mtoto wa Tandale amekosa nini asiitwe mtoto wa Tandale? Tunajua tutakachojibiwa: soko, dunia, wanunuzi wa mbali. Lakini Mmarekani ambaye hatafahamu hata ubeti mmoja ndani, jina la nje litamsaidia nini? Hii ni kasumba, nasi twaiita kwa jina lake. Mara zote tumesikia kwamba Uganda ndiyo inayokionea haya Kiswahili. Basi mwenye kushika daftari na ahesabu majina ya albamu hizo, kisha aje atuambie ni nani aliyeona haya.

Hata hivyo hatuwezi kudai kwamba Uganda haina kidonda. Kipo, na msomaji wa Unguja au Mombasa pengine hakijui vizuri. Kwetu lugha hii iliingia kwa amri. Jinja ulikuwa mji wa kambi ya jeshi la kikoloni, King's African Rifles, na Kiswahili kilichosikika pale kilikuwa cha gwaride. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kitiliwe nguvu katika shule na ofisi, Kabaka Daudi Chwa alikipinga waziwazi mwaka 1929, na si yeye peke yake. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, kwa amri vile vile. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka walivyokisikia vizuizini: simama, shuka, lete, lala chini. Sisi tulio walimu tutazame maneno hayo kwa jicho la kazi yetu. Yote ni vitenzi vya kuamuru. Taifa zima lilifundishwa hali moja tu ya kitenzi, na mwalimu wake alikuwa na bunduki.

Sasa jiulizeni ni nani aliyewafundisha wazazi wetu hali nyingine. Ni nani aliyewaletea nisamehe, ungalijua, laiti ningekuwa, usiniache, nitakungoja? Si shule, kwani kwa miaka mingi shule nyingi hazikukifundisha. Ilikuwa santuri. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Equator Sound ya Nairobi ilikusanya waimbaji kutoka Kenya, Zambia na Uganda, wakina Fadhili William na Daudi Kabaka na Charles Sonko wetu, nao wakaimba mapenzi na majuto kwa Kiswahili. Samba Mapangala alipotoka Zaire alipitia Kampala na kundi lake la Les Kinois kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977, ambako baadaye alianzisha Orchestra Virunga. Sauti hizo zilivuka Malaba na Busia bila pasipoti. Mzee aliyelala chini barabarani mchana kwa amri ya askari, usiku alifungulia redio yake kwa sauti ya chini, akasikia lugha ile ile ikimwomba mtu radhi. Sisi twaamini kwamba kama Kiswahili hakikufa katika nyoyo za watu wa mashariki ya Uganda baada ya mwaka 1979, sababu mojawapo ni hiyo, wala haikuwa ndogo.

Ndiyo maana twapandwa na hasira tunaposikia kwamba nyimbo huharibu lugha.

Tena sasa jambo hili limekuwa la haraka. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulifurahi, nani asingefurahi? Tumeomba hivyo miaka na miaka. Lakini sikilizeni neno lenyewe: lazima. Ni amri tena. Imekuja safari hii bila bunduki, na imekuja kwa nia njema, lakini mtoto wa Namatala au wa Walukuba hatapima nia. Atapima saa arobaini za ngeli na fimbo ya macho ya mwalimu. Akikichukia Kiswahili darasani atabaki na ile albamu yake ya mwaka, ambayo maneno yake ni ya wenyewe, na tutakuwa tumepoteza pande zote mbili kwa mpigo mmoja.

Kuna waliotangulia kuzipima albamu zetu kwa niaba yetu. Jinja ndiko lilikoanzia, mwaka 2015, lile tamasha maarufu la muziki kando ya mto Nile ambalo jina lake, Nyege Nyege, kwa Kiganda ni hamu ya kucheza inayompanda mtu ghafla, lakini kwa Kiswahili ni neno ambalo hatulitamki mbele ya wakwe. Watu wa tamasha hilo wana kampuni ya kutoa santuri. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam, muziki wa kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwaka 2023 ikatoa albamu ya wapigaji wa embaire wa kijiji cha Nakibembe, Busoga, wale wanaoizunguka marimba kubwa iliyotandikwa juu ya shimo, wengi kwa pamoja. Albamu za namna hiyo husifiwa sana Ulaya. Husifiwa kwa nini? Kwa kasi, kwa ugeni, kwa mdundo. Mhakiki wa Ulaya asiyejua Kiswahili tunamsamehe, maana kwake maneno ni ya wenyewe kweli kweli. Lakini kinyozi wa Jinja akitumia mizani ile ile ya mtu wa Berlin, hapo twaona kuna jambo limepotoka.

Na kuhusu jina lile la tamasha, walimu tuliaibika kuliko walioliita. Mwaka 2018 waziri wa maadili alitaka kulipiga marufuku tamasha. Mwaka 2022 Bunge nalo likaingilia, kabla ya serikali kuliruhusu kwa masharti. Nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya neno moja na maana zake katika lugha mbili za Kibantu! Ni lini tena tutaletewa somo kama hilo hadi mlangoni? Mwalimu wa lugha angeweza kusimama akaeleza jinsi neno moja linavyoweza kuwa na heshima kwa jirani na aibu kwetu, na jinsi tunavyopaswa kuchukuliana. Tulikaa kimya tukasahihisha madaftari.

Kuna watakaotushtaki kwamba twataka Kiswahili kimeze Lugisu na Lusoga. La hasha. Mwaka wa imbalu, mwaka wa shufwa tu kama mjuavyo, kadodi zikianza kulia Mbale hakuna mwenye akili atakayesimama katikati ya barabara akadai zitafsiriwe. Albamu iliyorekodiwa kwa Wayahudi wa Uganda, Abayudaya, katika vilima vya karibu na Mbale, ikatolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003 na kuteuliwa kushindania tuzo ya Grammy, ina thamani kwa sababu watu wale waliimba zaburi zao kwa lugha zao. Tunalodai ni kwamba kila albamu isikilizwe kwa lugha iliyoimbiwa. Anayeipenda embaire na ajue Msoga anasema nini. Anayeipenda singeli na ajue Mzaramo wa Manzese analalamikia nini. Mtu akijizoeza kusikia maneno katika lugha moja, hawezi tena kuyapita katika lugha ya mama yake.

Kama tungekuwa na kura katika ubishi wa Desemba, tungeipigia albamu ambayo vijana wa Mbale hawaijui, nayo imetoka kwa mtu aliyezaliwa Soroti, mwendo mfupi tu kaskazini mwao. Geoffrey Oryema, ambaye baba yake waziri aliuawa mwaka 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum, alitoroshwa mwaka huo huo kuvuka mpaka wa Kenya akiwa amefichwa katika buti ya gari. Aliishia Ufaransa, na mwaka 1990 akatoa albamu aliyoiita Exile, akiimba kwa Kiacholi na kwa Kiswahili. Hebu litazameni jambo hilo. Mtu ambaye wauaji wa baba yake waliamrishana kwa Kiswahili anafika ugenini, hana anayemlazimisha, hana soko la Kiswahili mjini Paris, na anachagua kuimba kwa lugha hiyo. Yeye hakuona kwamba maneno ni ya wenyewe. Alifariki mwaka 2018, na sisi mpaka leo hatujapata kumsikia akitajwa kibandani hata siku moja. Jina la albamu, ndiyo, ni la Kiingereza. Tumekwisha kuwagombeza wengine kwa kosa hilo, naye hatumwachi, ila adhabu yake tunaipunguza.

Kwa hiyo tuna ombi kwa walimu wenzetu wa Jinja na Mbale, na kwa wanafunzi wao. Desemba ijayo msipite vibandani na pua juu. Ketini. Mtu akileta albamu yake, mwacheni aisifu ngoma atakavyo, kisha mwulizeni wimbo mmoja tu unasema nini, mwimbaji anazungumza na nani, na kama neno analolirudia mara ishirini lina haki ya kurudiwa. Akisema hajui, msimcheke. Fungueni kamusi pamoja naye. Akimkuta mwimbaji amesema mtoto yangu badala ya mtoto wangu, mwacheni aone mwenyewe na afurahi kwamba ameona, kwani furaha hiyo haipatikani kwa kukariri. Na nyinyi wenyewe msije na jibu tayari mfukoni. Ziko nyimbo za Kikongo na za mitaa ya Dar es Salaam ambazo zitatushinda sote tulio na vyeti, na ni vizuri wanafunzi watuone tukishindwa.

Sisi tumekwisha kuanza. Desemba iliyopita, pale pale Jinja, wazee wa kibanda walishikilia kwamba tangu Kipepeo haijatoka albamu nyingine ya maana, na vijana wakawazomea kwa kuishi zamani. Sisi tulinyamaza, tukalipa, tukatoka. Hatujafika barabarani tukasikia viatu nyuma yetu. Ni yule yule kijana wa maneno ni ya wenyewe. Alitazama huku na huku kuhakikisha kwamba wenzake hawamsikii, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hivi kipepeo ni ndege gani?"

Tukamwambia kwamba si ndege. Ni kile ambacho Waganda hukiita ekiwojjolo. Alisimama kidogo, midomo ikicheza kama mtu anayeuimba wimbo mzima moyoni tangu mwanzo. Kisha akageuka, akarudi kibandani mbio.